Madaktari Hewa wa Nashville

"Kunguru yuko kiotani. Una dakika kumi na tano."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Loretta Pruitt, jasusi wa serikali aliyejifanya karani wa kampuni ya Harpeth kwa miezi minne, aliisukumia mkobani na kupanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya tisa.

Nje, wingu jeusi kama masizi lilikuwa limeilalia Nashville.

Saa mbili na nusu asubuhi, soko la hisa lingefunguliwa.

Kampuni ya Harpeth ilinunua kliniki na kuwalipa madaktari kwa hisa. Wawekezaji hawakuuliza ni wagonjwa wangapi wamepona. Waliuliza ni madaktari wangapi wameongezeka. Wakiongezeka, bei ya hisa hupaa, na hisa hizo hununua kliniki nyingine. Leo Harpeth ingetangaza madaktari wapya mia mbili na kumi.

Wote hewa. Majina yao yalichotwa makaburini.

Bei ikipaa, wakubwa wangeuza hisa zao na kutoweka. Madaktari wa kweli wangebaki na makaratasi.

Daktari Hollis Tackett, aliyemnong'oneza Loretta siri hiyo, aliopolewa juzi kutoka Mto Cumberland akiwa maiti.

Loretta hakubisha hodi.

Wade Lassiter, mkurugenzi wa fedha na ndiye kunguru mwenyewe, alikuwa ameinamia mashine ya faksi. Orodha ya madaktari hao hewa mkononi.

"We binti, kwenu hakuna hodi?"

"Weka chini hiyo orodha, mzee."

Lassiter alicheka. "Soko linataka kuamini. Mimi nawauzia wanachokitaka."

"Na Tackett alitaka kuogelea?"

Cheko likakatika. Mkono ukateleza kuelekea droo.

Glock, bastola ya Loretta, ilikuwa imeshamtazama kati ya macho.

"Thubutu."

Hakuthubutu.

Loretta alimfunga pingu, akanyakua orodha na kuinua simu ya mezani. "Mkuu, ninayo. Simamisheni hisa."

"Una hakika?"

"Nimekaa na majina haya miezi minne. Marehemu watupu."

Kwenye kompyuta, bei za kampuni zilianza kukimbia. Mstari wa Harpeth ulibaki umeganda: *Biashara imesimamishwa.*

"Umewaua madaktari wote," Lassiter alifoka. "Hisa zao hazitanunua hata kahawa!"

"Na zenu zimenaswa humo humo. Mahakama itawakamua hadi tone la mwisho."

"Kampuni kama yetu ziko nyingi, binti. Utazifunga zote?"

Maofisa wawili wa serikali waliingia kumchukua Lassiter.

Ndipo simu zikaanza kulia. Moja. Tano. Ghorofa nzima, madaktari wa kweli wakiulizia hisa zao.

Alipita katikati ya kelele hizo, akabonyeza kitufe cha lifti, akasubiri.