Duara la Chamazi

Jibu lilitangulia mwito. Gregori alikuwa amesimama katikati ya duara, jua la utosi, hajafungua kinywa, akasikia "Naam" ya fundi Mwinshehe ikitoka kwenye viti vya juu. Alipogeuka, Mwinshehe alikuwa na kata ya maji mdomoni, anakunywa.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio. Gregori, msanifu majengo ambaye mafundi walimwita Mwalimu, aliyefiwa na mkewe Yuliana masika yaliyopita, alikuwa akiwajengea watu wa Chamazi uwanja wa ngoma. Alifuata mtindo wa Wagiriki wa kale, waliochonga viti ubavuni mwa kilima na kuacha chini duara zima la wachezaji. Warumi waliokuja baadaye walilikata duara hilo nusu, wakasimamisha ukuta mrefu nyuma ya jukwaa. Gregori hakuutaka ukuta. Ngoma, alisema, huchezwa kwa mduara.

Kupima sauti kulikuwa hivi: yeye huita kwa kunong'ona, Mwinshehe huitika kutoka juu, kampa mgongo. Mwinshehe, Mzaramo wa palepale, alisita. Kwao ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Gregori akamtania kwamba Wazaramo huogopa hata mwangwi wao. Mwinshehe akacheka, akaitika.

Baada ya mchana ule koo lake likaanza kukauka, mwisho akawa bubu kabisa. Lakini mafundi walipokwenda kula, sauti yake ilisikika duarani, nzima, ikiitika pasipo mwitaji, na harufu ya udongo wa kaburi bichi ikapanda safu kwa safu hadi alipokaa Gregori, na chini ya sauti ile, mbali kidogo, kama mtu anayeita kutoka uani huku mikono imo kwenye unga, Yuliana alikuwa akimwita kwa jina.

Hakumwambia mtu. Kila mchana alirudi kusikiliza.

Mke wa Mwinshehe ndiye aliyemleta Mwamvita, mganga wa Buguruni. Mwamvita alifukiza ubani, akazunguka, kisha akauliza hao Wagiriki waliweka nini pale katikati. Gregori akajibu kwamba pengine waliweka madhabahu ya mungu wao.

"Basi wao walimpa mwenye mahali kiti," Mwamvita akanong'ona. "Wewe umejenga barazani kwake, kiti hukumpa. Likate duara, mwanangu. Jenga ukuta. Ukuta ukisimama, mwenzio atarudishiwa sauti yake. Ila ukiitwa, usiitike. Atachukua ya kwako."

"Na huyo anayeniita?"

"Si mkeo. Ni chambo."

"Najua, mama," alisema Gregori.

Ukuta ukapanda. Jiwe la mwisho alilibeba mwenyewe, Mwinshehe akimshikia ngazi, na alipolifikisha kwenye pengo lililobaki sauti ikaja kutoka upande wa pili, karibu mno, bila kulalamika, sauti ya mke aliyekaa gizani akingoja mlango ufunguliwe naye anajua kwamba unafungwa, ikataja jina lake mara moja tu, polepole, na Gregori akajua kwamba jiwe likishatua hataisikia tena maisha yake yote.

"Nipo," akasema.

Kisha akalitua jiwe.

Chini ya ngazi Mwinshehe alikohoa. "Mwalimu," alisema, sauti yake ileile, nzito, akiishangaa mwenyewe. "Mwalimu, umeitika?"

Gregori akafungua kinywa akane. Midomo ilicheza, koo halikutoa kitu.

"Nipo," ikajibu sauti yake, nyuma ya ukuta.