Herufi Iliyoachwa Nje ya Jaribio

Jumanne, tarehe 14 Mei, mji wa Manizales uliamka ndani ya ukungu. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya alfajiri, na mnara wa kanisa kuu haukuonekana hata kwa mtu aliyesimama chini yake. Danelly Arroyave, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikunywa maji yake ya moto ya sukari guru, akasimama mbele ya picha ya Bikira Maria. Kila asubuhi husali hapo kabla ya kwenda shule. Siku hiyo aliishia kwenye ishara ya msalaba.

Sababu aliijua. Saa mbili wazazi wangeanza kuwaandikisha watoto, kwa simu zao, ili wapimwe macho. Madaktari kutoka mji mkuu, Bogotá, walikuwa wanakuja Alhamisi, na miwani ya bure ilikuwa michache kuliko watoto. Tovuti ya kujiandikisha ilitengenezwa na klabu ya kompyuta ya shule, na kazi ya kuijaribu alipewa Danelly.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu Amparo, mlezi wa klabu, hakutaka majina ya watoto yasafiri wazi mtandaoni. Kwa hiyo kila jina lilisagwa kwanza likawa heshi, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kusomeka. Ukibadilisha herufi moja tu ya jina, heshi yote hugeuka. Tovuti ililinganisha heshi iliyotumwa na heshi za majina yaliyo kwenye orodha ya shule. Zisipofanana, ilimkataa mtoto. Danelly aliandika skripti, maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe: andika jina la mwanafunzi, lisage, litume, kisha anza tena, maelfu kwa maelfu, kama vile mji mzima umebonyeza simu kwa pamoja.

Ijumaa iliyopita jioni tovuti ilihimili vizuri. Lakini katikati ya mistari ya kijani ya majina yaliyokubaliwa, mistari myekundu ilichomoza. Londoño, amekataliwa. Castaño, amekataliwa. Muñoz, amekataliwa.

"We Danelly, hiyo kompyuta unaiombea au unaifanyisha kazi?" Yeison, mwenzake wa klabu, alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Mpira unaanza! Au unaogopa kufungwa mabao?"

"Nakuja, bwana! Na leo utalia wewe!"

Danelly aliitazama ile ñ, n yenye kiwimbi kichwani. Hakuelewa ina kasoro gani. Akafuta majina yote yenye herufi hiyo kwenye jaribio, akaendesha skripti upya. Kijani kitupu.

"Umejaribu majina yote, mwanangu?" Mwalimu Amparo aliuliza.

"Yote, Mwalimu."

Sasa, Jumanne hiyo, alikuwa bado anakung'uta mvua kwenye koti aliposikia zogo ofisini. Akina mama walikuwa wamejaa na simu mikononi. Mbele yao alisimama Mama Gladys Londoño, na pembeni yake binti yake Salomé, rafiki wa Danelly tangu shule ya chekechea.

"Inasema mtoto wangu hajulikani shuleni!" Mama Gladys alilalamika. "Miaka saba anasoma hapa! Ubao anausoma kwa kumuuliza jirani, Mwalimu!"

"Na mimi Castaño nimekataliwa!" mwingine alidakia. "Kwani sisi tumekosa nini? Wengine wote wanapita tu!"

Mwalimu Amparo aliinama kwenye kompyuta. Haikumchukua muda. Simu nyingi ziliandika ñ kama herufi moja, lakini katika orodha ya shule iliandikwa kwanza n, kisha kiwimbi kikaongezwa juu yake. Kwa macho ni herufi ileile. Kwa kompyuta ni vitu viwili, na heshi zake haziwezi kufanana. Akaongeza mstari mmoja wa kuandika majina yote kwa namna moja, na Londoño akapita. Lakini nafasi za miwani zilikuwa zimekwisha.

"Sielewi," Mwalimu alisema taratibu. "Jaribio lilikuwa kijani."

Danelly angeweza kunyamaza. Alimtazama Salomé, aliyekuwa amekunja uso kujaribu kuona kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Ee Mungu, nisaidie, alisema moyoni, na hayo ndiyo yalikuwa maombi yake ya asubuhi hiyo.

"Majina yenye ñ yalikuwa mekundu, Mwalimu. Nikayafuta. Nilitaka kwenda kwenye mpira."

Salomé alimgeukia.

"Kwa hiyo hukujaribu majina yote?" Salomé aliuliza. "Mimi ukaniacha wapi?"

Machozi yalimtoka Danelly.

Mwalimu Amparo alipiga simu Bogotá. Madaktari walikubali kufika mapema Alhamisi na kuwapima kwanza wote walioachwa. Miwani yao, hata hivyo, ingeletwa Agosti. Hadi hapo Salomé angeendelea kumuuliza jirani.

"Kosa la ile herufi si lako," Mwalimu alimwambia Danelly, bila ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. "Ningelirekebisha Ijumaa ileile kabla kahawa yangu haijapoa. Jaribio hufanywa ili lituonyeshe penye ubovu. Ukiuficha, hujaumaliza, umemwachia mtu mwingine augundue kwa kuumia. Watoto wote, mmesikia? Kazi yenye kasoro iliyosemwa ni bora kuliko kazi safi ya uongo."

Danelly alijipangusa uso. Akageuka, akawatazama akina mama, Yeison na wenzake wa klabu waliosongamana mlangoni, na mwisho Salomé.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema, sauti ikisikika hadi nje. "Hadi Agosti nitakaa karibu na Salomé na kumsomea ubao kila siku. Na kazi yangu ikitoa jibu jekundu, nitalionyesha likiwa jekundu."