Magunia Mabichi Kwenye Banda la Mawaridi

Mama alipofariki, aliacha banda dogo la nailoni nyuma ya jikoni. Ndani mlikuwa na mawaridi yake.

Baba alikuwa fundi viatu. Soli na gundi alivijua, maua hakuyajua hata kidogo. Hata hivyo, kila asubuhi aliyamwagilia, akafunga mlango, akaziba kila tundu kwa matambara.

"Baba, mbona unaziba?" binti yake aliuliza.

"Ubaridi wa maji usitoroke."

Dirisha la chumba cha mama nalo alikuwa amelifunga tangu mazishi. Alisema harufu yake bado imo.

Kiangazi kikaingia bila huruma. Mawaridi yakalegea, majani yakaoza. Baba akazidi kumwaga maji na kuziba. Mmea mmoja ukafa, mwingine ukafuata, mwisho ukabaki mmoja tu.

"Huu nao ukienda," baba alisema, "mama yako ndiyo kaondoka kabisa."

Siku hiyo dobi, jirani aliyekuwa rafiki wa mama, alifuata kiatu chake. Akachungulia bandani, akatoka mbio akijifuta uso.

"Shemeji! Unayalea maua au unayachemsha?"

Baba hakucheka. Dobi akashusha sauti.

"Nisikilize. Nguo mbichi ikipigwa na upepo huwa baridi, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Nikiifungia chumbani haikauki, inavunda tu. Humu mvuke umejaa, hauna pa kutokea. Nani atalibeba joto?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kata nafasi upande upepo unakotokea. Tundika magunia mabichi hapo, uyamwagie maji yasikauke. Upande wa pili, juu, fungua pa kutokea hewa. Siku ya unyevunyevu magunia hayatasaidia sana. Siku hiyo fungua tu, usijichoshe."

Baba alishika kisu chake cha kukatia ngozi. Akakiweka kwenye nailoni, akakiondoa. Nailoni ile mama aliishona mwenyewe.

"Kata, baba," binti alisema, akimshika kiwiko.

Akakata.

Mchana ule upepo ulipita kwenye magunia mabichi, ukaingia bandani ukiwa baridi.

Yaliyokufa hayakufufuka. Baba aliyang'oa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Lakini ule mmoja uliinua majani, na baada ya muda ukatoa chipukizi jekundu.

Baba alilitazama. Kisha akaingia chumbani kwa mama, akafungua dirisha.