Anayelala Mbele

Haya sikusimuliwa na mpita njia. Yalimpata shangazi yangu, dada yake baba, fundi cherehani aliyeishi peke yake, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Shangazi hakuolewa, na watu hawakumwacha asahau. Akienda sokoni anaulizwa, akienda msibani anaulizwa. Majibu alikuwa nayo. "Mume nimemfungia kabatini, nitamtoa sikukuu." Watu wakacheka, naye akarudi nyumbani kula peke yake. Upweke ulikuwa unamtafuna, mimi nilijua.

Asubuhi moja tendegu la kitanda chake cha zamani lilivunjika, akaenda kwa seremala kuchagua kingine. Karakana ilijaa wateja. Seremala, mtu mwema tu, akamuuliza kwa sauti, "Mama, cha mtu mmoja au wawili?"

Watu wakageuka. Shangazi akachoka ghafla.

"Wawili," akasema.

"Mwenzako mzito? Nijue nikuwekee chaga nene kiasi gani."

"Mzito."

"Mrefu?"

"Sana. Kile kifupi miguu yake itaning'inia."

"Na analala upande gani? Upande wa mzito ndio bolti hulegea mapema."

"Analala mbele. Mimi ukutani."

Aliponisimulia tulicheka mpaka machozi. Nikamwambia, "Shangazi, maneno huumba, shauri yako." Akanipiga kofi la begani. "Basi na aumbike, anisaidie kuteka maji."

Mchana kitanda kikaletwa. Seremala alifanya kazi yake vizuri: hakukiweka chini ya dirisha, aliacha njia ya kupita, akakaza bolti zote kwa spana, akatikisa kichwa cha kitanda kuona kama kinayumba. Hakikuyumba.

"Mama, panda upande wako tusikilize chaga."

Shangazi akapanda upande wa ukutani. Kimya.

Kisha chaga za mbele zikalia. Kwii. Godoro likabonyea taratibu, kama vile mtu mzito anakaa kwa uangalifu asimwamshe mwenzake.

"Sakafu haiko sawa," seremala akasema. Akachomeka kipande cha ubao chini ya tendegu, akaondoka haraka. Spana yake aliisahau sakafuni.

Nilisafiri kikazi. Niliporudi, nilimkuta shangazi amekonda, lakini uso unang'aa. Mezani palikuwa na vikombe viwili, na vyote vilikuwa vimenywewa. Nikaenda kukaa kitandani.

"Usikae hapo," akaninong'oneza. "Kalala."

Nikagusa shuka. Lilikuwa na joto.

Nikamvuta mkono hadi uani. Nikamwambia twende kwangu, leo hii. Akatikisa kichwa.

"Mwanzo alikuwa mbele kabisa," akasema. "Siku hizi yuko katikati. Anasogea, mwanangu. Nikilala, bega langu liko ukutani."

"Mfukuze!"

"Halafu nibaki na nani?"

Nikamkimbilia seremala. Maneno yalisemwa kwake, nikaona kwake ndiko yafutwe. Alikuja, ila hakuvuka kizingiti cha chumba. Akamuuliza upya, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mama, kitanda ni cha watu wangapi? Sema kweli, nikichukue sasa hivi."

Neno moja tu lilihitajika. Shangazi akakitazama kitanda. Chaga hazikulia. Nilihisi kuna mwingine anayesubiri jibu, pamoja na sisi. Nikamwomba shangazi kwa macho. Akaanza kulia, yeye aliyezoea kuchekesha watu, na moyo wangu ukaniambia nimeshampoteza.

"Wawili," akasema.

Kesho yake asubuhi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mimi na seremala tukauvunja. Viatu vyake vipo. Vikombe vipo. Yeye hayupo. Kwenye godoro palikuwa na bonde moja tu, pana, refu. Lilianzia mbele likafika mpaka ukutani.

Seremala alikifungua kitanda bolti moja baada ya nyingine. Hatukuona kitu. Akiwa anakusanya mbao aliniuliza, kwa mazoea tu ya kazi yake, "Na wewe, unalala na nani?"

Sikumjibu. Mpaka leo swali hilo silijibu, hata kwa utani.

Nyumba ile nimeirithi mimi, na kila mpangaji huhama mapema. Ukutani, kwenye kimo cha mtu aliyelala, rangi imesuguka ikaacha umbo la bega dogo. Nikipaka rangi, linarudi. Juzi nilipaka tena, nikakaa palepale sakafuni kulisubiri, maana ukweli ni kwamba nimemkumbuka sana shangazi.

Rangi ilipokauka, bega lilirudi. Pembeni yake, juu kidogo, lilikuwepo na la pili, pana.