Msumari Ambao Bibi Hakuusikia

Kila alfajiri Nusaiba aliamka kumtawadhisha bibi yake. Magoti ya Bibi Mwahija yalikuwa yamekakamaa, na kisukari cha miaka mingi kilikuwa kimemmaliza nguvu. Hakuweza kuinama akafikia nyayo zake. Nusaiba alimkalisha kwenye kigoda uani, akammiminia maji kwa kopo na kumsugua katikati ya vidole, macho yake mwenyewe yakifumba kwa usingizi. Kisha kisimani, kisha ufagio, kisha shule. Mama yake, Shamimu, naye alishinda kutwa mbele ya karai la samaki wa kukaanga. Katika nyumba ile ya Kinjumbi hakuna aliyekuwa hajachoka.

Kwa hiyo siku Bibi aliposema, "Niachie kopo, mke mwenzangu, nitatawadha mwenyewe," Nusaiba hakuuliza magoti yamepona lini. Alirudi mkekani akajifunika khanga mpaka kichwani. Hata chumba cha Bibi kilipoanza kunuka, alidhani panya amefia kwenye makuti.

Asubuhi moja ya likizo alitaka kwenda chooni, asizione ndara zake. Akachomeka miguu katika viatu vya Bibi vya ngozi. Hatua ya kwanza tu, akaruka.

"Uwii!"

Msumari mdogo wa fundi viatu ulikuwa umechomoza ndani ya soli. Kuuzunguka, ngozi ilikuwa nyeusi kwa damu iliyokauka. Damu ile haikuwa yake.

"Bibi, viatu hivi ulivivaa jana?"

"Jana, na juzi pia. Unavitaka? Kwa mguu gani, huo wa kuku?"

"Vina msumari."

Bibi alicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Nusaiba alipiga magoti, akainua pindo la khanga. Chini ya kidole cha mwisho palikuwa na tundu lililojazwa unga wa kahawa. Kidole kimevimba na kuiva kama zambarau, na wekundu ulikuwa umeshapanda hadi karibu na kifundo. Harufu ile ilitoka hapo.

"Kinauma?"

"Kingeuma ningelala? Hakiumi hata kidogo. Kinapona, kila siku nakikanyagisha kwenye unga wa kahawa." Bibi alimshika mkono kwa nguvu. "Mama yako asijue. Dada yangu Batuli wa Nyangamara aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja. Mimi nataka kuzikwa na yangu yote. Niahidi."

Nusaiba akaahidi.

Siku nzima alichechemea. Kitundu chake hakikuzidi punje ya ufuta, lakini kila alipokanyaga kilimpigia kelele. Akaanza kujiuliza: ikiwa hiki kidogo kinapiga kelele hivi, lile shimo la Bibi linanyamazaje?

Magharibi Mama alirudi akinuka mafuta, akajibwaga kizingitini.

"Mama, nimemwahidi Bibi nisiseme."

"Basi usiseme, mwanangu. Nimechoka."

"Lakini mguu wake unaoza."

Mama akasimama.

Kesho yake walikuwa zahanati, mbele ya tabibu aliyeitwa Anjelina.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama umekuja na shoka, sema mapema."

Anjelina alitabasamu. Alimwomba Bibi afumbe macho, akatoa uzi mwembamba wa nailoni. "Nitakugusa unyayoni. Ukinisikia, sema 'hapo'."

Uzi uligusa kisigino, ukapinda. Ukagusa katikati, kisha chini ya vidole. Nusaiba aliyaona yote. Bibi alikaa kimya.

"Mbona huanzi?" Bibi akauliza.

"Nimeshamaliza, Bibi."

Bibi alifumbua macho, akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Tabibu alipima sukari. Ilikuwa juu sana. Alipapasa mapigo ya damu juu ya mguu. "Damu inafika. Hiyo ndiyo heri yetu." Akaingiza kijiti safi cha chuma ndani ya kidonda, na uso wake ukabadilika: kiligota kwenye mfupa. Aliosha usaha, akamchoma sindano ya kuua vijidudu, na siku hiyohiyo akawapeleka hospitali kubwa.

Huko walipiga picha ya mfupa, wakaondoa nyama iliyokufa pamoja na kidole cha mwisho. Kwa wiki nyingi ikawa ni sindano na kubadilishwa bendeji, na Bibi alikuwa akimwita mjukuu wake "msaliti" kila alipomletea uji. Lakini alirudi nyumbani kwa miguu miwili.

Walipokwenda kuonyesha kovu, tabibu Anjelina alimgeukia Nusaiba. "Kisukari kimeiharibu mishipa ya fahamu ya mguu wake. Kwa mtu kama Bibi, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa. Mkague nyayo kila siku, umkaushe katikati ya vidole, ukung'ute viatu kabla hajavaa. Mkiona mchubuko, njooni. Kahawa ni ya kunywa. Ulivunja ahadi, ndiyo. Siri inayomficha mgonjwa asitibiwe haistahili kutunzwa. Ungesubiri wiki moja zaidi, tungezungumza habari ya kukata gotini."

Alfajiri iliyofuata Nusaiba alikuwa na usingizi uleule, na kisima kilikuwa mbali vilevile. Bibi alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu.

"Haya, msaliti wangu. Mimina."

Nusaiba alimimina, macho wazi. Aliosha, akakausha kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, akaviinua viatu na kuvikung'uta.

"Vidole vimo vyote?" Bibi akauliza.

"Vinne, Bibi."

"Basi vihesabu kila siku, kisitoroke kingine."