Kocha na Mtihani wa Alhamisi

Sogeeni karibu, jirani zangu, niwape habari ya nyumba moja. Haina tofauti kubwa na nyumba zetu, ndiyo maana naisimulia.

Ilikuwa nyumba ya baba na binti zake wawili. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno machache, macho yake mekundu kwa cheche za miaka mingi. Mkewe alifariki mabinti wakiwa wadogo, akawalea mwenyewe, na hata nywele aliwasuka mwenyewe, vibaya lakini kwa moyo mmoja. Walipokua, wote wawili aliwapeleka chuo kusomea utoaji wa dawa.

Jumapili moja jioni walikuwa wametulia sebuleni. Baba alikuwa akimenya viazi na mabinti wakidurusu masomo mezani. Mdogo hakuweza kusoma ila kwa sauti, kwa hiyo nyumbani aliitwa Kasuku. Mkubwa, mtaa mzima ulimwita Kocha.

Jina hilo alilitolea jasho. Aliwakusanya wasichana waliokuwa wakizurura jioni bila mwelekeo, akawafundisha mpira wa wavu kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya soko. Tusimwonee, kazi ilikuwa njema. Watoto waliokuwa hawawezi kumtazama mtu usoni wakaanza kutembea vifua mbele. Ila mazoezi ya siku mbili kwa wiki yakageuka ya kila siku, na Kocha akaanza kukosa vipindi. Mwaka uliotangulia alifeli, akarudishwa nyuma. Kasuku akampita, na sasa alibakiza muhula mmoja tu amalize.

Jioni ile mlango uligongwa. Aliingia mama mwenye saluni, mlezi wa timu, akihema.

"Kocha, fainali imesogezwa mbele. Tunacheza Alhamisi asubuhi."

Kocha alifunga daftari. "Alhamisi asubuhi nina mtihani, mama. Na mimi narudia mwaka. Huu nikiukosa, basi."

"Mtihani si utakuja mwingine? Watoto bila wewe ni vifaranga bila mama yao."

Baba alitua kisu. "Nahodha wao wa zamani si yupo? Si ndiye anayewasimamia huyu akichelewa?"

"Yupo, baba, lakini watoto wanamtaka Kocha wao. Na wazazi wote watakuja kumwona."

Hapo, jirani zangu, neno moja tu lingetosha. Angesema hapana. Au angekwenda chuoni kesho yake aeleze, ajibiwe lolote atakalojibiwa. Lakini mtu akishaionja sifa, neno hapana humkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitakuja," alisema.

Baba alimtazama, akaokota kisu chake, akaendelea kumenya.

Kesho yake mchana, dada hao wawili walikuwa uani wakifua.

"Kasuku," alisema Kocha, "somo lile ulilifaulu mwaka jana."

"Nikusaidie kudurusu?"

"Unifanyie. Tunafanana, hata sokoni watu hutuchanganya. Chukua kitambulisho changu, ingia, andika, toka."

Kasuku aliiacha nguo ndani ya beseni. "Dada, sitaki. Wakinishika?"

"Nani atakushika katika umati ule?" Kocha akashusha sauti. "Mama alipofariki, nani alikuwa anakuogesha? Nani aliacha kucheza na wenzake ili akubebe mgongoni? Nimewahi kukudai fadhila?"

Kasuku alilikamua shuka, akalikamua tena ingawa halikuwa na maji.

"Sawa, dada," alisema.

Alhamisi ilifika. Kiwanja kilijaa watu mpaka juu ya kuta. Wasichana walipoteza seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na katika ya mwisho yule mfupi kuliko wote akaruka akaupiga mpira katikati ya mabeki wawili. Wazazi walimbeba Kocha juu juu. Nakwambieni, kwa muda ule hapakuwa na binti mwenye furaha kama yeye. Aliposhushwa chini akafungua mkoba wake, akakuta baba amempigia simu mara nyingi. Mtu ambaye hupiga simu kwa nadra. Akampigia haraka.

"Njoo chuoni," baba alisema, akakata.

Aliwakuta ofisini. Baba alikuwa bado na aproni yake ya ngozi, amesimama ingawa kiti kilikuwapo. Kasuku alikuwa ameketi akitazama sakafu. Msimamizi wa mtihani alikuwa ndiye mwalimu aliyemfundisha Kasuku somo lile lile. Katika mtihani alipita kati ya madawati, akaisoma ile karatasi yenye jina la mwingine, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, simama."

"Mimi ndiye niliyemtuma," Kocha alisema, bado amevaa jezi. "Yeye alikataa. Mfukuzeni mtu mmoja."

Mkuu wa chuo alivua miwani. "Kwamba ulimtuma tunalijua. Lakini hakubebwa, aliingia kwa miguu yake. Sheria yetu haina mkubwa wala mdogo."

Wakafukuzwa wote wawili.

Timu ilipata kocha mwingine kabla mwezi haujaisha. Ni yule nahodha wa zamani, na hakuna kilichoharibika. Mama mwenye saluni alikutana na Kocha njiani, akasema, "Pole, mwanangu, ndiyo dunia," akaharakisha kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Wazazi waliombeba juu hawakuonekana tena mlangoni. Baba aliendelea na mageti yake. Hakumfokea mtu, na hilo lilimuuma Kocha kuliko fimbo.

Kasuku alihamia kwa shangazi yao, akapata kibarua cha kufunga unga kwenye kinu. Kocha alikwenda huko mara tatu akaambiwa amelala. Mara ya nne alimkuta kibarazani, nywele zimejaa vumbi la unga.

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Kukusamehe nimekusamehe, dada," Kasuku alisema bila kuinua uso. "Lakini kila asubuhi naamka saa ile ile ya chuo. Naoga, navaa. Halafu nakaa kitandani, sijui niende wapi."

 

MAFUNZO

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi naongeza kwamba mbili hushikika, ukikubali mwenzio akushikie upande mmoja. Nahodha alikuwepo, ofisi ya chuo ilikuwepo, hata baba alisema mapema. Kilichokosekana ni mtu kukubali kwamba timu inaweza kushinda yeye asipokuwepo.

Vijana mnaojitolea, Mungu awabariki, lakini msilipe wema wenu kwa jasho la ndugu zenu. Ukiona mzigo umekuzidi, utue. Usimtwike aliye mdogo kwako, asiyeweza kukukatalia.

Na sisi wazazi tujiulize. Tunapomwambia mtoto wa mwenzetu "bila wewe hatuwezi", kesho yake akianguka, nani kati yetu atakwenda kubisha hodi kwao?