Nyekundu Huipati

Hodi ile ilitoka ndani ya tanuri. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, mlango wa karakana uko wazi, na ndani hamkuwa na mtu ila mama mmoja na hereni moja ya fedha ndogo kama ukucha. Mkono ulikuwa umeshika kibano, macho yameganda kwenye unga wa kioo wa bluu aliokuwa akiupanga juu ya fedha, na mdomo ukajibu wenyewe, kama midomo yetu sote inavyojibu: "Karibu."

Ndipo akainua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Tanuri, ambalo alikuwa bado hajaliwasha, lilikuwa limeshapata moto.

Mama huyu alikuwa mshonaji kwa miaka ishirini, na sasa, mvi zikimchungulia, alikuwa ameamua kujifunza kutia rangi mapambo ya fedha kwa kuyeyusha unga wa kioo juu yake. Mwalimu wake alikuwa dada yake mkubwa, sonara tangu ujana wake, na walikaa nyumba moja. Majirani walimcheka kuanza kazi mpya utu uzimani. Yeye akawaambia wacheke taratibu wasije wakapaliwa.

Hereni ilipotoka motoni ilikuwa nyeupe pepepe.

"Umeichoma mno," dada alisema, akampa unga wa kijani. Kijani nacho kikatoka cheupe. Kesho yake pazia la bluu la chumbani lilikuwa jeupe kama sanda, na maua ya kwenye chungu yakabaki na majani ya rangi ya karatasi. Karakana ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Na tanurini, hata likiwa limezimwa, ikasikika sauti ya mtu anayetafuna kioo, polepole, kama ajuaye kuwa chakula hakimkimbii.

Siku ya nne dada hakuamka. Midomo ilikuwa imepauka, viganja vimepauka, ufizi umepauka. Daktari alimpima damu, akampima tena, akatikisa kichwa. Mshonaji akaona dada yake anamponyoka huku anamtazama, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Mganga aliitwa. Alikuja na mkoba na maneno mengi, akanusa mlango wa karakana, akarudi nyuma hatua tatu.

"Hili jini halikuvamia," alinong'ona. "Lilikaribishwa. Nani alisema karibu?"

"Mimi."

"Basi mimi sina kauli hapa, mama. Mwenye kulitoa ni wewe." Akaondoka, hata maji hakunywa.

Mshonaji akaingia karakana. Kabla hajatia mguu wa pili, sauti ilimwambia kutoka tanurini, chini chini: "Bado nyekundu. Hujanipa, najichukulia kwa dada yako."

Akafanya alichoweza. Akapaka unga mwekundu kwenye kidani, akakichoma ili jini la tanurini lipate kula na kushiba. Kidani kikatoka na rangi ya hudhurungi, kama chai iliyolala. Akakimbilia nacho chumbani.

"Limeila, dada. Tazama, limeila!"

Dada alifungua jicho moja, akakitazama kile kidani kwa muda mrefu.

"Hilo si jini," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Hilo ni wewe. Nyekundu haiwekwi juu ya fedha tupu, inaharibika. Unaanza na kioo kisicho na rangi, unachoma, ndipo unatia nyekundu. Nimekwambia mara ngapi?"

Mshonaji alisimama pale na kidani chake kilichoharibika. Kwa hiyo jini halikuigusa. Lilipewa, likaona imeharibika, likaiacha. Linachagua! Hasira zikampanda hadi utosini, akarudi karakana.

Mlango mdogo wa tanuri ukafunguka wenyewe, na ndani, badala ya moto, kulikuwa na kitu kisicho na rangi yoyote, si cheupe wala cheusi, kitu ambacho jicho liliteleza kila lilipojaribu kukishika, kikijisogeza mbele, kikinuka nywele zilizoungua, kikitafuna, na kila kilipotafuna akamsikia dada yake akiguna kule chumbani, na ulimi wa mshonaji ukawa mzito kama si wake. Lakini akasema.

"Umekaa kwangu siku nne unakula, na sasa unachagua chakula?"

"Ulinikaribisha."

"Nilisema nini?"

"Ulisema karibu."

"Nilisema ingia? Nilisema pita ndani? Nilikupa kiti? Nimepima vitambaa miaka ishirini, najua karibu ni wapi na ndani ni wapi. Karibu ni karibu! Ni pale jirani na mlango wangu, upande wa nje."

Kutafuna kukakoma.

"Tema ulichokula bila kupewa," alisema, "kisha nenda ulikokaribishwa." Akanyoosha kidole nje, juani. "Karibu!"

Upepo wa moto ulimpita shavuni, ukamuunguza nyusi za jicho la kushoto, ukatoka. Chumbani dada akakohoa, akataka aletewe chai, tena kwa ukali.

Siku hiyo hiyo walichoma kidani kingine, dada akiwa ameketi kwenye kiti na shuka begani, anaamrisha. Kioo kisicho na rangi kwanza. Kisha nyekundu. Kilipotoka na kupoa kilikuwa chekundu kweli kweli, na mshonaji akalia bila haya.

"Umejaza mno pembeni," dada alisema, akakivaa.

Ukuta wa nje, kulia kwa mlango, hauna rangi hadi leo. Ukipakwa asubuhi, jioni ni mweupe. Wapita njia wanalaumu mvua. Majuzi mshonaji alinunua kopo zima la rangi nyekundu iliyokolea, akaupaka mwenyewe toka chini hadi juu, akarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake. Kitu kikapumua karibu na sikio lake, kikinuka nywele zilizoungua.

"Kula," mshonaji alikiambia. "Ya ndani huipati."

Akafuta brashi, akaingia kazini, akauacha mlango wazi.